Majina Saba ya Papa Zahoro

Hidaya alikuwa amechoka uchovu ule ambao usingizi hauuwezi. Miaka ishirini na sita alikuwa amekaa nyuma ya meza ileile, katika biro ya etasivili ya Kalemie, ofisi ya vizazi na vifo, akiandikisha watoto waliozaliwa: fulani, mtoto wa fulani na fulani. Watu husema kazi ya kalamu ni raha. Waje wakae wao kwenye kile kiti. Siku nzima unawauliza watu baba yao nani, na wengine wanasita, wengine wanakudanganya mchana kweupe, na wewe unaandika tu, maana kitabu hakina mahali pa kuandika kwamba humwamini mtu.

Kutoka kazini alikuwa akipanda na kushuka kilima, kwa sababu ziwa lilikwisha kuimeza barabara ya chini. Akifika nyumbani, mtaa wa Kataki, kabla jua halijazama, anajiruhusu starehe moja. Anaweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, anafungua simu, na kama mega za intaneti zipo, anaingia kwenye ukurasa wa Facebook uitwao Vya Kale vya Ziwa.

Ukurasa huo ulikuwa wa kijana mmoja, Cédrick, mzaliwa wa Kalemie anayeishi Ubelgiji. Wenzake huko hujipiga picha mbele ya magari ya watu. Yeye alikuwa anachimba makaratasi ya zamani ambayo maktaba zimeyaweka mtandaoni na hakuna anayeyasoma, kisha anawasimulia watu wa kwao. Hapo ndipo Hidaya alipomsoma fundi saa wa reli aliyefukuzwa kwa kuisogeza mbele saa ya stesheni kila alasiri, ili awahi nyumbani. Hapo akamsoma kiboko aliyelala siku tatu kwenye baraza ya hakimu, kesi zote zikaahirishwa. Alikuwa anacheka peke yake mpaka maji ya beseni yanatikisika. Wafu wale walimpumzisha, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anamwomba cheti.

Jumanne moja ikatoka picha. Watoto tisa wa kiume, wameketi mchangani mbele ya ukuta mrefu, wametazama mbele kama walioambiwa wasipumue. Chini yake Cédrick aliandika kwamba hawa ni watoto walionunuliwa na mapadri kutoka kwa misafara ya watumwa, upande wa kusini wa ziwa, mwaka 1891. "Wote wana majina," aliandika. "Kuna anayewajua?"

Watu wakaanza utani wao. Mmoja akasema wa tano amefanana na bosi wake. Hidaya naye akaikuza picha ili acheke, akafika kwa mtoto wa tatu, na kicheko kikamkauka. Sikio la kushoto la mtoto yule lilikuwa nusu. Na uso ulikuwa uso wa baba yake. Usimwambie Hidaya kwamba nyuso hufanana. Uso ule, wenye paji lililotokeza na mdomo wa kununa, alikuwa anaunyoa ndevu kila Alhamisi.

Akatoa miguu kwenye maji. Hakuikausha.

Ili ujue kilichomshika, lazima umjue Papa Zahoro na majina yake saba. Mzee huyo alikuwa na miaka themanini na moja, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, na mali aliyobaki nayo duniani ilikuwa nasaba. Zahoro bin Issa bin Musa bin Feruzi bin Saidi bin Nasoro bin Khalfani. Huyo Feruzi, kwa mujibu wa nyumba ile, alikuwa muungwana wa Pwani aliyevuka ziwa na bunduki arobaini, akashuka Mtowa, akafanya biashara. Chui alimla nusu ya sikio huko Marungu, naye akamwua kwa kisu. Feruzi wa Sikio. Hidaya aliijua habari hiyo kabla hajajua kuvaa kandambili.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Wageni wakija na barua ya posa, wanawekewa sinia la gilasi, zote mdomo chini. Kabla barua haijafunguliwa, mwenye nyumba anataja majina saba ya nasaba yake, akianza na lake, na kwa kila jina mtoto wake mkubwa anaitikia kama shahidi: "Tunamujua." Kisha wageni wanataja wa kwao. Mwenye nyumba akiridhika, anazigeuza gilasi kwa mkono wake na watu wanakunywa maji. Asiporidhika, gilasi zinabaki vilevile, wageni wanaaga kwa heshima, na hakuna aliyetukanwa. Ni adabu ya kumchinja mtu bila kumchafulia kanzu. Imamu alishamwambia mzee kwamba dini haikuagiza gilasi. Mzee akamjibu kwamba imamu ana mimbari yake na yeye ana sinia lake.

Mtoto mkubwa wa nyumba ile alikuwa Hidaya.

Mwaka wa tisini na sita, kabla vita havijafika Kalemie, alikuja kijana aitwaye Sumaili, fundi wa mashua, akiwa na mjomba wake na barua. Hidaya alikuwa na miaka ishirini na mitatu na alimpenda Sumaili kiasi cha kusahau chakula. Aliketi kwenye mkeka karibu na baba yake, akaitikia "tunamujua" mara saba, kwa sauti nzuri, akidhani anasaidia. Kisha mjomba wa Sumaili akataja wa kwao. Akataja wanne, wa mwisho Mabruki, akanyamaza. Hawakuwa na wa tano.

"Mabruki," alisema Papa Zahoro, "njo jina ya mutumwa."

Gilasi hazikugeuzwa. Sumaili alikwenda Kongolo, akaoa huko. Hidaya akaolewa na binamu yake, mtu wa majina saba kamili, aliyevuka kwenda Kigoma na madebe ya mawese kwa ahadi ya wiki mbili. Majina saba yakaoa mke mwingine Kigoma na hayakurudi. Dada yake Hidaya alipofariki, akamwachia Mouna, mtoto wa miaka minne, na huyo ndiye aliyemlea.

Na sasa Mouna alikuwa na miaka ishirini na minne, na Jumapili ilikuwa siku ya barua yake. Kijana mwenyewe aliitwa Abdoul. Mtoto wa marehemu kaka yake Sumaili. Ukoo uleule, majina yaleyale, limeongezeka la kijana mwenyewe tu, na bado wa mwisho Mabruki.

"Mama Mukubwa," Mouna alikuwa anamwambia kila asubuhi akimpa chai, "ongea na Babu. Weye tu njo anakusikia."

"Ananisikia lini?" Hidaya alikuwa anajibu. "Sikumuzalia hata mujukuu, atanisikia kwa nini?"

Usiku wa Jumanne haukuwa wa kulala, basi tuuache. Jumatano, katikati ya vyeti viwili, Hidaya alimwandikia Cédrick amtafutie karatasi yenye majina ya watoto wale. Alhamisi asubuhi karatasi ikafika, mwandiko wa padri umeinama kama mvua ya upepo, na Cédrick ameifafanua chini yake. Mtoto wa tatu: Feruzi, miaka kama tisa. Kabila Mtabwa, wa Marungu, upande wa Pepa. Mama yake Mumba, aliuzwa pamoja naye, akafa njiani. Baba hamjui. Sikio la kushoto limekatwa na bwana wake wa kwanza, liwe alama akipotea. Halafu mstari mmoja wa wino mwingine: ametoroka 1894, inasemekana amekwenda Mtowa kwa Waungwana.

Cédrick aliongeza kwamba jina lenyewe lilikuwa la kupewa. Watu wa Pwani, akasema, waliwaita watumwa wao majina ya vito na ya bahati njema: Feruzi, Almasi, Mabruki.

Feruzi na Mabruki! Majina mawili kutoka mfuko mmoja. Vizazi vitatu vya wanaume walilitaja moja kwa kifua mbele na kulitemea mate jingine, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, nao hawakusema kwamba nyani huyo anaweza kuwa baba yako mzazi. Hidaya alisimama kwenye korido ya biro, mkono mmoja kwenye ukuta, akasikia hasira ikipanda taratibu, hasira ya mtu mzima aliyechoka, isiyo na kelele. Bunduki arobaini! Mtoto wa miaka tisa, mchanga kwenye magoti, na mama amelala njiani hana wa kumfukia. Akamwonea huruma mtoto yule. Halafu akajionea huruma yeye, na hiyo ndiyo iliyomliza.

"Una uhusiano naye?" Cédrick aliandika. "Nikiandika kwamba kizazi chake kimepatikana, watu watafurahi sana."

"Usiandike kitu," alijibu.

Jioni ile ilikuwa zamu ya kumnyoa mzee. Alimkalisha barazani, taulo shingoni, akampaka sabuni. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, akipanda kilima na kushuka. Tena, tuseme kweli, sehemu yake moja ilitaka kuyasema ili yamchome. Alitaka kuuona uso ule ukipata angalau robo ya alichokipata yeye mwaka ule.

"Papa," alisema, "kama ungesikia kwamba mumoja wa mababu hakuwa vile tunasema?"

"Mababu gani?"

"Wowote."

Mzee aliuacha wembe umpite shavuni. "Hidaya," akasema, "duka lilichomwa na vita. Shamba lilikuwa ku mutoni, maji ikabeba. Macho, Mungu amechukua. Mama yako, Mungu amechukua. Iko kitu moja tu sikununua na hakuna wa kunichukulia. Ukinitoa yale majina, unamunyoa nani hapa? Muzee tu, wa bure."

Wembe ulisimama. Hidaya aliangalia shingo ya baba yake, nyembamba, mishipa imetokeza, na ile kiu ya kuchoma ikamwisha. Ikabaki kazi ya kunyoa. Akamaliza, akamfuta, akampaka mafuta, akaenda kusonga ugali wa bukari.

Ijumaa akaamua kunyamaza. Jumamosi akaamua kusema. Jumapili asubuhi, akiwa anakaanga sambusa, hakuwa na uamuzi wowote, alikuwa na maumivu ya mgongo tu. Mouna alikuwa amepakwa hina tangu jana na hakula. Alikuwa anasimama kila mara nyuma ya pazia la sebule kuhesabu viti ambavyo alishavihesabu.

Wageni walifika saa tisa, baada ya swala ya adhuhuri na chakula. Watatu. Mbele yao, mwenye barua, mvi kichwani na kanzu iliyokunjamana kwa safari, alikuwa Sumaili. Siku tatu ndani ya treni kutoka Kongolo. Hidaya hakuwa ameambiwa kwamba ni yeye atakayesema kwa niaba ya Abdoul, na labda ilikuwa heri.

"Shikamoo, Papa Zahoro," Sumaili alisema, akainama.

"Marahaba. Hii sauti naijua."

"Njo mimi, Papa. Sumaili."

Mzee alitikisa kichwa pole pole. "Karibu," akasema.

Sumaili akamgeukia Hidaya. Alimsalimu kama mtu anavyosalimu mama wa nyumba, macho chini. Alikuwa amenenepa. Alikuwa na pete na wajukuu. Hakuna kilichobaki kati yao cha kurudishwa, na Hidaya alilijua hilo bila kuumia. Kilichomuuma ni kwamba mtu huyu amerudi mlango uleule, kwa miguu yake, kuomba maji yaleyale kwa ajili ya mtoto wa kaka yake. Mtu wa kurudi hivyo anahitaji moyo.

Sinia likawekwa. Gilasi sita, mdomo chini. Hidaya akaketi kwenye mkeka karibu na baba yake, mahali pake pa zamani.

Mzee akakohoa, akanyoosha mgongo, na sauti ikamrudia yote.

"Zahoro bin Issa."

"Tunamujua," alisema Hidaya.

"Issa bin Musa."

"Tunamujua."

"Musa bin Feruzi."

"Tunamujua."

"Feruzi bin Saidi."

Nyuma ya pazia kulikuwa na mguu wa Mouna, kidole gumba kimekunjwa kwa wasiwasi, hina nyekundu. Hidaya alikiona kidole kile. Alifungua mdomo kuitikia, kwa mazoea tu, kama anavyogonga muhuri. Miaka ishirini na sita aliandika alichoambiwa. Neno halikutoka.

"Feruzi bin Saidi," mzee alirudia, akimwelekezea sikio.

"Huyu Saidi hatumujui, Papa."

Mtu mmoja wa wageni alisogeza kiti. Papa Zahoro hakusogea.

"Umesema nini?"

"Feruzi alikuwa Mutabwa wa Marungu. Aliuzwa akiwa mutoto wa miaka tisa, yeye na mama yake. Mapadri wakamununua. Nimeona picha yake, Papa, na karatasi yake, kwa simu. Baba yake hawamujui. Alikimbia misioni, akaenda Mtowa, akakaa na Waungwana, akajifanya mumoja wao. Mimi simulaumu. Ningefanya vile vile."

"Simu inasema uongo."

"Hata sisi tulisema, Papa." Sauti yake ilikuwa imechoka sana, haikuwa na ukali wowote. "Sikio lake la kushoto liko nusu. Hakuna chui. Lilikatwa na bwana yake wa kwanza."

Sebule nzima ilimsikia mzee akipumua. Mkono wake ulipanda, ukalishika sikio lake mwenyewe la kushoto, ukalipapasa lote, juu mpaka chini. Hidaya alitamani dunia isimame hapo. Alijiona mwuaji. Alijua pia kwamba angeulizwa tena, angesema yaleyale.

"Ule mama," mzee akauliza, "jina lake nani?"

"Mumba."

"Mumba," alisema mzee, kama mtu anayeonja mboga ya ugenini. "Alikufia wapi?"

"Njiani. Hawakuandika."

Papa Zahoro alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka katika macho yale yasiyoona, naye hakuyafuta, labda hakujua kwamba yanaonekana.

"Sasa tunabaki na wangapi?"

"Wane, Papa."

Mzee akageuza uso taratibu kuelekea upande ile sauti ya Kongolo ilikotokea. "Sumaili. Ule mwaka, mulikuja na wangapi?"

"Wane, Papa," alisema Sumaili.

Nje mwanamke alipita akinadi samaki wa ndagala, akapotea.

"Hidaya," mzee akasema, "tuanze tena. Barua haifunguliwi juu ya majina nusu." Akanyoosha mgongo, lakini safari hii sauti ilikuwa ya mzee. "Zahoro bin Issa."

"Tunamujua."

"Issa bin Musa."

"Tunamujua."

"Musa bin Feruzi."

"Tunamujua."

"Feruzi." Akameza mate. "Mutoto wa Mumba."

Hidaya alimsogelea. "Tunamujua," akasema.

Sumaili akataja wa kwao. Wa mwisho alikuwa Mabruki, na alipolitaja jina hilo aliinua kichwa, kama anayengoja kofi. Kofi halikuja. Papa Zahoro alipeleka mkono mbele, akapapasa sinia, akaikamata gilasi ya kwanza, akaigeuza. Moja iliteleza ikagonga nyingine, ikapata ufa, naye akaiweka pembeni, akaendelea. Alipomaliza alisema, "Mumupe huyu maji kwanza," akimwelekezea Sumaili kidevu.

Nyuma ya pazia Mouna alipiga vigelegele kabla ya wakati wake, bila aibu, na watu wakacheka, na mzee naye akacheka kidogo.

Hidaya alimimina. Sumaili alipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, akamrudishia gilasi. "Asante, Mama Hidaya," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu.

Hidaya alipeleka sinia jikoni, akakaa kwenye kigoda kando ya mafuta yaliyokuwa yanapoa, akalia. Mouna alimkuta hapo, akamkumbatia na mikono yake ya hina, akimshukuru, akidhani analia kwa furaha. Furaha ilikuwapo, kidogo. Lakini alichokuwa analilia ni siku ile ya mwaka wa tisini na sita, na msichana wa miaka ishirini na mitatu kwenye mkeka, anaitikia kwa sauti nzuri majina ya watu asiowajua, mara saba. Kumbe ingetosha kunyamaza mara moja.